Mchu wa Barabara ya 14

Kwa siku tisa, kwenye ramani ya programu ya kurekodi viumbe kwa picha, ramani ambayo mtafiti yeyote duniani anaweza kuifungua, nyumba yetu ya Ngamiani, barabara ya 14, ilizungukwa na msitu wa mikoko. Aina tatu za miti ya maji ya chumvi: michu sita, mikoko minne, mililana mitatu. Anayeijua Tanga anajua barabara ya 14 ina nini: mafundi cherehani, vibanda vya chipsi, bodaboda wanaosubiri abiria na mtaro unaofurika masika. Maji ya chumvi hatuna, ila yale ya sufuria ya muuza pweza.

Kosa lilikuwa langu. Nafundisha baiolojia sekondari, na Jumamosi za bamvua huenda na klabu ya mazingira ufukoni Sahare. Nasema za bamvua kwa sababu ratiba yetu haipangwi na shule, inapangwa na mwezi. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupwa sana kwenye saa nne asubuhi, tope likabaki wazi mpaka kwenye nyasi za bahari. Ukienda maji mafu utaikuta mikoko imezama hadi kiunoni, na hakuna mtoto atakayeuona mzizi. Programu ya kutabiri maji ninayo kwenye simu. Mjomba wangu hutazama mwezi tu, akanipa saa, na hajanikosesha bado.

Simu shuleni ni marufuku, kwa hiyo Jumamosi watoto huja na za kuazima: ya mama, ya kaka, ya jirani anayepiga kila nusu saa kuuliza kama simu yake bado nzima. Moja ilitumbukia topeni siku ya kwanza kabisa. Ilipona. Mwenye nayo hajaambiwa mpaka leo.

Picha zao za mwanzo zilikuwa za kunguru. Walizileta kwa haya kidogo, wakidhani nitawakemea kwa kupiga picha ndege wa jalalani wakati tumekuja kutafuta viumbe wa maana. Nikawaambia wazipakie zote. Kunguru huyu mwenye shingo ya kijivu si wa kwetu. Aliletwa Zanzibar kutoka Bara Hindi mwishoni mwa karne ya 19, akaenea pwani nzima, na leo anakula mayai na makinda ya ndege wenyeji. Kuonyesha yupo wapi na lini ni kazi ya utafiti hasa, kuliko picha ya kumi ya machweo ya Raskazone.

Turudi kwenye mchu wa barabara ya 14. Siku ile watoto walipiga picha nzuri: mizizi, majani mbele na nyuma, maua, matunda. Usiku wakanitumia kwa WhatsApp. Nilichokuwa sikijui ni kwamba picha ikitumwa hivyo hubanwa, na maelezo yaliyofichwa ndani yake, yaani saa, tarehe na mahali ilipopigwa, huondolewa. Ikitumwa kama dokumenti hubaki nayo. Mimi nimeketi kitandani, bando la usiku linakwisha saa kumi na moja, napakia picha moja baada ya nyingine, programu inaniuliza mahali, nami nabonyeza "mahali nilipo". Mara kumi na tatu. Nililala nimeridhika.

Siku ya tisa mtu nisiyemjua, wa nchi nyingine, akaniandikia chini ya picha ya kwanza. Hakunikejeli. Aliuliza tu: mti huu umepandwa? Kisha akauliza hivyo hivyo kwenye zote kumi na tatu. Nadhani alinifikiria mimi ni tajiri mwenye bustani ya ajabu.

Programu yenyewe inaitwa iNaturalist. Ilianza mwaka 2008 kama mradi wa wanafunzi wa shahada ya uzamili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na tangu 2023 inajiendesha yenyewe kama taasisi isiyo ya faida. Unaweka picha, mahali na tarehe, unakisia jina, halafu wengine wanakubali au wanakupinga. Wakikubaliana zaidi ya theluthi mbili ya waliotaja jina, na wakiwa angalau wawili, rekodi inapanda daraja na kuhesabika kuwa inafaa kwa utafiti. Kutoka hapo, kama leseni yake inaruhusu, hupelekwa GBIF, ghala la takwimu za viumbe lenye makao Copenhagen, ambako mtafiti wa mabadiliko ya tabianchi anaweza kuichota bila kunijua wala kunisalimu. Ndiyo maana swali la yule bwana lilinitoa jasho. Angekuwa mvivu kama nilivyokuwa mimi usiku ule, mikoko ingepiga kambi katikati ya Ngamiani, na mtu mwenye kompyuta angeanza kueleza imefikaje huko.

Nilizirekebisha zote. Siku hizi simu haiingii topeni kabla sijaangalia kama mahali pamewashwa. Tunaziweka kwenye hali ya ndegeni ili betri isiishe, kwa kuwa GPS hupokea tu kutoka kwenye setilaiti na haihitaji mtandao. Ila huchelewa zaidi kujua ilipo, hivyo tunasimama kwenye uwazi na kungoja duara la kwenye ramani lipungue. Ndani ya mikoko iliyoshonana duara hilo hutanuka makumi ya mita, na makumi ya mita pwani ni tofauti ya mti wa nchi kavu na mti wa bahari.

Mjomba ni ndugu wa mama yangu, mvuvi aliyeachishwa bahari na mgongo. Huja nasi, husema, kwa sababu nyumbani hakuna wa kubishana naye. Simu yake ni kitochi, ile yenye tochi na redio.

Jumamosi moja nilikwama kwenye mche uliokuwa hauna maua wala matunda, na mizizi imefunikwa na takataka za plastiki. Nilikuwa nimekunja dera kiunoni, mkono mmoja umeshika tawi, wa pili simu, jua limeshaifanya skrini kuwa kioo cha kujitazamia. Mtandao ulikuwapo kwa bahati, na programu ikanipa mapendekezo, la kwanza likiwa mti wa bara la Asia.

"Mjomba, na huu je?"

Hakuutazama sana. Alichuma jani, akaligeuza upande wa chini uliopauka, akaligeuza tena, akanipa.

"Lamba."

"Nilambe?"

"Lamba, mwanangu, huna simu ya kulamba?"

Nikalamba. Chumvi, tena si kidogo. Kwenye mwanga niliziona chembe zake juu ya jani, kama vumbi la sukari.

"Mchu huo," akasema. "Mkoko chumvi huikataa mlangoni. Mchu huila, kisha huitapika juu ya jani."

Nimefundisha jambo hilo kwa miaka, kwa Kiingereza, ubaoni, kwa mchoro: kwamba mchu una tezi za kutolea chumvi kwenye majani, na mkoko huchuja sehemu kubwa ya chumvi kwenye mizizi kabla haijapanda. Nimelisahihishia mitihani. Sikuwahi kulamba jani. Wanafunzi wakaanza kulamba kila kitu, mpaka nikawakataza kwa sababu ya ule mtaro unaoingia baharini pale karibu.

Siidharau programu. Macho ya mashine hujifunza kwa picha zilizopakiwa na watu. Palipo na picha nyingi inaona vizuri, palipo na chache inababaisha, na kwa muda mrefu picha nyingi zimetoka Marekani na Ulaya. Kila mchu wa Sahare ukithibitishwa, wa kesho utatambulika kwa urahisi kidogo. Lakini mpaka sasa, topeni, nikiwa na simu na mjomba, nauliza mjomba kwanza.

Majina ndiyo yametuchukua muda kuliko kitu kingine. Programu inaruhusu mtumiaji kuongeza jina la kiumbe kwa lugha yake, na kwa miti kadhaa niliyoitafuta sehemu ya Kiswahili ilikuwa tupu, pwani hii ambayo Kiswahili kimezaliwa nayo. Nikaona ni kazi ya nusu saa. Ilichukua miezi. Mti wa magoti, ule ambao mizizi yake inachomoza na kujikunja kama mtu aliyechutama, mjomba aliuita msinzi. Mwanafunzi mmoja ambaye mama yake ni wa Kwale, upande wa pili wa mpaka, akasema kwao ni muia, na hakukubali kushindwa. Ikabidi tuweke yote mawili. Halafu "mkoko" wenyewe: ni jina la mti mmoja, ule wa mizizi kama miguu ya buibui, na papo hapo ni jina la jamii nzima. Mtu wa mjini akisema "mikoko imekatwa" hujui ni upi. Mchonga mashua hasemi hivyo hata siku moja. Yeye anasema mkandaa, anasema mlilana, ambao pindo lake la asili linafaa kwa mataruma, yaani mbavu za mashua, anasema mkomafi, wenye tunda kama mpira ambalo mbegu zake ukishazitoa huwezi kuzirudisha zikaenea. Watoto walijaribu dakika ishirini.

Lugha si jambo la urembo. Programu ya Nuru ya PlantVillage, iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Penn State pamoja na watafiti wa IITA, taasisi ya kimataifa ya kilimo cha nchi za joto, hutazama jani la muhogo na kumwambia mkulima kwa Kiswahili kama lina batobato au michirizi ya kahawia, na hufanya hivyo bila intaneti. Kuna mzunguko ninaoupenda hapo: ugonjwa huo wa michirizi ulielezwa kisayansi kwa mara ya kwanza mwaka 1936 na H. H. Storey, aliyekuwa kituo cha utafiti Amani, juu ya milima ya Usambara Mashariki, mwendo wa saa chache tu kutoka hapa. Ilichukua miaka themanini na kitu kurudi kwa mwenye shamba kwa lugha yake.

Mjomba hasomi vizuri herufi za kizungu. Alisoma chuoni, chuo cha Kurani, na Kiswahili chake anakiandika kwa herufi za Kiarabu, kwa mwandiko mzuri kuliko wangu. Tulipoanza kuhesabu miche na visiki kwa fomu ya KoboToolbox, programu ya kukusanya takwimu kwa simu, nikijivunia kwamba inafanya kazi bila mtandao, yeye alikaa pembeni akawa anatutajia na sisi tunajaza. Nilikumbuka habari ya CyberTracker, programu ya kurekodi wanyama na nyayo zao, iliyobuniwa na Louis Liebenberg wa Afrika Kusini mwishoni mwa miaka ya 1990 pamoja na wasoma nyayo wasiojua kusoma maandishi. Skrini yao ilikuwa na picha: mnyama, unyayo, anakula, anakunywa. Mtu aliyeitwa hajasoma akawa ndiye anayejaza takwimu zenye undani kuliko wenye vyeti. Fomu yetu nikaibadilisha, nikaweka picha za majani na mizizi. Mjomba akaishika simu, akabonyeza mara mbili, akanirudishia. "Kidole changu kikubwa," akasema. Sijui kama ilikuwa kidole.

Hapa Tanga tuna sababu yetu ya kuamini picha ya mvuvi. Mwaka 1938, East London, Afrika Kusini, Marjorie Courtenay-Latimer wa jumba la makumbusho aliona kwenye rundo la samaki mmoja asiyemjua, wa bluu, mapezi kama viungo. Alichora mchoro, akautia kwenye barua kwa J. L. B. Smith, mtaalamu wa samaki. Barua ilimfikia Januari 1939, na kufikia hapo matumbo ya samaki yalikuwa yameshatupwa kwa kuwa hapakuwa na namna ya kuyahifadhi. Ndivyo dunia ilivyogundua kwamba silikanti, aliyedhaniwa kutoweka pamoja na dinosaria, yupo hai. Nchini kwetu alirekodiwa mwaka 2003 huko Songo Mnara, Kilwa, kisha akaanza kunaswa kwenye majarife ya papa hapa Tanga, na mwaka 2009 ikatangazwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti. Nikiwasimulia wanafunzi huwaambia wahesabu: mchoro ulisafiri kwa posta wakati wa sikukuu, matumbo yakaoza. Leo kijana wa Kigombe akivuta jarife ana kamera mfukoni mwa bukta.

Ila picha hiyo hiyo ina upande wake wa pili.

Mwaka jana tulipanda Amani kwa siku mbili. Watoto walichizika kwa vinyonga, nami pia. Niliporudi na kufungua ramani bila kuingia kwenye akaunti yangu, kinyonga mmoja niliyemwekea alama mahali penyewe kabisa, kwenye kichaka kando ya njia, alikuwa amehamishwa. Sikuwa nimekosea tena. Programu, ikijua spishi iko hatarini, huficha mahali pake yenyewe: wewe mwenye rekodi unapaona, wengine wanaona alama iliyotupwa popote ndani ya eneo lenye upana wa kilomita ishirini na kitu. Kwa sababu wako wanaotafuta vinyonga wa Usambara kwa biashara, na mtu wa namna hiyo naye ana simu. Serikali ilipiga marufuku kusafirisha nje wanyamapori hai mwaka 2016, lakini kichaka chenye alama kwenye ramani hakisomi marufuku. Ua la dughulushi, ambalo wazungu wanalipanda madirishani na kuliita zambarau ya Afrika, lilitoka kwenye miamba ya huku huku. Mbegu au mimea ilipelekwa Ujerumani na Saint Paul, aliyekuwa mtawala hapa, na likaelezwa mwaka 1893 kwa jina la Saintpaulia. Tulipolikuta nililipiga picha ya karibu sana, jiwe tupu nyuma yake.

Jina la Saint Paul limo ndani ya ua. Jina la Moreau, Mwingereza aliyefanya kazi Amani na kuandika sana kuhusu ndege, limo ndani ya Artisornis moreaui, ndege mdogo wa misitu ile. Aliyekuwa akiingia msituni kwa ajili ya Moreau, akijua kila mlio unatoka kwenye tawi gani, ni Salimu Asumani, na ukiuliza watu kumi hapa mjini hutapata wawili waliomsikia. Nilirudi Tanga na jambo hilo kifuani. Nikafungua ukurasa wangu. Rekodi mia mbili na kitu, zote kwa jina langu: ametambua mwalimu, amethibitisha mtu wa Ureno. Mchu wa chumvi, uliotambuliwa kwa ulimi kwa amri ya mjomba, umeandikwa mimi ndiye niliyeutambua.

Basi Ijumaa baada ya swala nikaenda kwake na maandazi, nikamwonyesha. Nilikuwa nimeshaandika kwenye sehemu ya maelezo ya kila rekodi: jina limetolewa na fulani bin fulani, mvuvi wa Sahare. Nilidhani atafurahi. Aliomba nimsomee tena, polepole.

"Hii anaisoma nani?"

"Yeyote, mjomba. Dunia nzima."

"Na afisa wa misitu?"

"Naye."

Akatafuna andazi mpaka likaisha. Mikoko yote ya bara ni msitu wa hifadhi, kukata bila kibali ni kosa, na kwenye fomu zetu, chini ya picha za majani, tulikuwa tumehesabu visiki pia. Visiki vibichi, na mahali pake, kwa usahihi wa mita nne.

"Wewe unakaa barabara ya 14," akasema. "Mimi nakaa hapa na waliokata. Mmoja tumesoma naye chuo. Wakiona jina langu pale watasema mimi ndiye mchongezi, na boti yangu iko ufukoni usiku kucha."

Nilimwambia programu inaweza kuficha mahali. Nikamweleza ya kinyonga, jinsi anavyotupwa kilomita ishirini.

"Na mimi inanitupa wapi?"

Nilitafuta kwenye mipangilio, mbele yake, kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha nikafuta jina lake kwenye rekodi moja baada ya nyingine, yeye akiwa amekaa kando yangu anakunywa chai na kuhakikisha. Palipokuwa na jina nimeandika "mjomba". Visiki nimevitoa kwenye ramani ya wazi, vimebaki kwenye daftari la klabu.

Jumamosi ijayo mwezi unaandama. Amesema tufike kabla ya saa tatu na nusu.